Ujumbe wa Jumamosi kwa Mwalimu Atupele

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka naona aibu. Siku hiyo mimi mwenyewe sikugusa kitu. Nilikuwa nyumbani Mbeya, nimekaa nje na kikombe cha chai, najiona mwenye akili kuliko wenzangu wote. Kazi ilikuwa inafanywa na kompyuta niliyoiacha ikiwaka kwenye duka nililofanyia kazi, mtaani Mwanjelwa.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, nimemaliza kozi ya kompyuta na natafuta pa kuanzia. Simu zilikuwa bado za vitufe, na mtu aliyeweza kuunganisha simu na kompyuta kwa waya aliheshimiwa kama daktari. Aliyenipa kazi ya kwanza ni Bi Zuhura, nesi mstaafu ambaye wazazi wake walihamia Mbeya kutoka Tanga kwa ajili ya biashara. Alikuwa na duka la dawa karibu na soko. Alitaka jambo dogo tu: ajue dawa gani inakaribia kuisha rafuni kabla haijaisha. Nikaitengeneza kwa wiki mbili, ikafanya kazi vizuri, akanisifu mbele ya wateja. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na cha kukusimulia. Lakini nilikuwa nimeonja sifa, nikataka nyingine.

Dukani kulikuwa na daftari la wateja wanaotumia dawa kila mwezi: wa presha, wa kisukari, wa pumu. Bi Zuhura aliandika jina, namba ya simu, ugonjwa na dawa, ili mzigo ukichelewa awapigie wasije bure. Nikaliingiza daftari zima kwenye kompyuta. Kisha nikaandika programu ya kuwatumia wateja ujumbe kila Jumamosi, kuwakumbusha wale ambao dawa zao zingeisha wiki inayofuata. Nilipomwonyesha, alivaa miwani, akasoma kwenye kioo polepole.

"Umewauliza?" akasema.

"Kuwauliza nini, Bi Zuhura? Namba wametoa wenyewe."

"Walinipa mimi, niwapigie mzigo ukichelewa. Na mimi nikipiga, kwanza nasikiliza aliyepokea ni nani. Hii yako inasikiliza?"

Nikacheka. Mwanangu, nilicheka mbele ya mama aliyehudumia wagonjwa miaka yote ya ujana wake. Nikamwambia ndivyo biashara zinavyoendeshwa siku hizi, kwamba taarifa za wateja ni mali, na kuziacha zilale daftarini ni hasara. Maneno hayo nilikuwa nimeyasoma mahali, nikayapenda, nikayabeba kama yangu. Akavua miwani, akaikunja.

"Haya, Festo. Wewe ndiye uliyesoma."

Nimekuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa ananipa nafasi ya kufikiri. Mimi nikaichukua kuwa ruhusa. Nikapanga ujumbe utoke saa nane mchana, kwa hesabu yangu kwamba Jumamosi saa hiyo watu wengi wapo nyumbani na familia zao. Nilijivunia sana hesabu hiyo.

Miongoni mwa wateja wetu alikuwepo Atupele, mwalimu wa shule ya msingi, dada mcheshi ambaye hakupita dukani bila kututania. Ila siku ya kuchukua dawa alikuwa mtu mwingine. Alisubiri wateja waishe, ndipo azungumze na Bi Zuhura kwa sauti ya chini. Alikuwa na kifafa tangu utoto. Kwa sababu ya dawa alikuwa hajaanguka kwa miaka mingi, na shuleni kwake hakuna aliyejua. Unajua watu wetu wanavyouogopa ugonjwa huo. Hata leo wapo wanaokataa kula sahani moja na mtu mwenye kifafa, wakidhani unaambukiza.

Jumamosi hiyo, kumbe nyumbani kwao Uyole kulikuwa na ugeni. Familia ya mchumba wake ilikuwa imekuja kupanga siku ya harusi. Atupele alikuwa jikoni na shangazi zake wakipakua chakula, simu yake inachajiwa sebuleni. Ikalia. Dada wa mchumba, binti mwenye furaha zake, akaichukua akidhani ni pongezi kutoka kwa walimu, akawasomea wote kwa sauti: "Habari Atupele. Dawa yako ya kifafa itaisha wiki ijayo. Karibu dukani kwetu."

Haya aliniambia Atupele mwenyewe, Jumatatu asubuhi, amesimama mbele ya meza yangu. Hakupiga kelele. Ningeshukuru kama angepiga. Alisema wageni waliondoka wali ukiwa bado kwenye masinia. Mama wa mchumba alisema wamefichwa, kwamba walikuwa wanauziwa mgonjwa.

"Na yeye, mchumba wako?" nikauliza.

"Aliangalia chini. Nilikuwa nimwambie Jumapili, baada ya ibada. Nilishazungumza na mchungaji, awepo. Nimejiandaa miezi mitatu kwa maneno hayo, Kaka Festo. Labda angenikataa. Lakini angeyasikia kutoka kwangu."

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo linaniumiza kuliko la kwanza. Nikamwambia, "Samahani, mwalimu. Ni mashine iliyotuma. Inajituma yenyewe."

Alinitazama kama mtu anayesubiri sentensi imalizike. Alipoona imemalizika, akageuka akaenda zake.

Bi Zuhura alikuwa nyuma ya kaunta, amesikia yote. Alifunga mlango wa duka mchana kweupe, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya.

"Mashine haimjui Atupele," akasema. "Wewe unamjua. Umemwona akisubiri watu waondoke. Ulidhani alikuwa anasubiri nini?"

Akanitaka nifute kila jina mbele ya macho yake, nikafuta. Kisha akachukua mtandio wake akaenda Uyole, kuomba radhi kwa jambo alilokuwa amenionya. Aliniambia nisimfuate, kwamba mtu niliyemwumiza halazimiki kuniona siku ninayotaka mimi. Harusi haikufungwa. Muhula ulipoisha Atupele aliomba uhamisho, akaondoka Mbeya. Sikumtafuta. Nilijiambia ni kwa heshima, lakini ilikuwa woga.

Miaka ikapita, mwanangu, nikawa fundi wa watu. Nikafunga mifumo kwenye viwanda vya mbao Mafinga, kwenye maghala, na mashuleni. Ndipo nikaitwa kwenye shule moja huko Kilolo kufunga mfumo wa kuandikisha wanafunzi. Nikaingia ofisini, nikaamkia "Kamwene," salamu ya Kihehe ya huko, na aliyeinua kichwa kuitikia alikuwa Atupele. Mwalimu mkuu. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuingia mvi kama zangu.

Nilikuwa na hotuba niliyoitunga miaka yote hiyo. Nikaanza kuitoa nikiwa nimesimama, sijakaribishwa hata kiti. Akaisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Kaa, nionyeshe ulichoniletea."

Nikafungua kompyuta. Akavuta kiti karibu, akapitia fomu ya mwanafunzi mstari kwa mstari: jina, tarehe ya kuzaliwa, mzazi, kijiji. Kidole chake kikasimama.

"Hapa pameandikwa ugonjwa wa kudumu. Nani ataona?"

Nikaangalia. Sehemu hiyo ilikuwepo kweli. Niliichukua kutoka kwenye fomu za shule nyingine, wala sikufikiri. "Walimu wote wenye namba ya siri," nikasema. "Na mhasibu. Na mimi, kutoka kule Mbeya, nikihitaji kurekebisha kitu."

"Mhasibu anaihitaji ya nini?"

"Haihitaji."

"Na wewe?"

"Siihitaji, mwalimu."

"Nilidhani uliniomba msamaha sasa hivi," akasema, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Nina watoto watatu hapa wenye ugonjwa wangu. Taarifa zao anazo mwalimu wa afya, na wazazi wao wanajua kwamba anazo na kwa nini. Toa hicho kitu."

Nikakitoa pale pale. Alitaka nimwonyeshe kwamba kimetoka kweli, nikamwonyesha. Akaagiza chai. Tulikunywa tukizungumzia mvua na barabara. Hakuniambia kama amenisamehe, nami sikuona nina haki ya kuuliza. Bi Zuhura alikuwa ameshafariki wakati huo, kwa hiyo hata kumwambia kwamba nimeonana na Atupele sikuweza.

Sasa wewe unaanza kazi, mwanangu, na vifaa vyenu vinajua mengi kuliko kompyuta yangu ya Mwanjelwa. Kuna saa za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo, kamera za dukani zinazotazamwa kwenye simu, mizani inayopeleka uzito wa mzigo wa mkulima mjini kabla yeye mwenyewe hajausoma. Jifunze kazi yako vizuri, usiiogope, ina manufaa makubwa. Lakini kabla hujaunganisha kitu na kitu, nenda ukakae na yule ambaye habari zake zitapita humo. Mwulize kama anajua na anakubali. Mwulize akiwa peke yake, usimwulize mbele ya bosi wake. Kitu ambacho kazi haikihitaji, usikikusanye, hata kama ni rahisi kukikusanya, hata kama fomu ya jana ilikuwa nacho. Mtu mzima asiyejua kompyuta akikuuliza swali linaloonekana la kijinga, lijibu kwa ukamilifu. Huenda anajua watu kuliko wewe. Na siku utakayokosea, maana utakosea, sema "ni mimi." Sema upesi, ukimtazama uliyemkosea. Mimi nilichelewa, na nilipofika Kilolo nilikuwa bado nina maneno mazuri tu.

Mungu akufungulie milango ya kazi, akupe akili ya kutengeneza na subira ya kuuliza. Akuepushe na sifa zinazoziba masikio. Watu watakaokukabidhi majina yao na yaliyo yao wasijute hata siku moja kwamba walikufahamu. Nenda salama, mwanangu, ukafanye kazi njema.