Lowri wa Hafod Wen

Jirani yangu Tegwen alikuwa mpishi wa shule yetu hapa Rhyd-y-garn, kijiji cha Wales, mpaka alipostaafu. Kijiji kizima kimekua kwa mchuzi wake wa nyama na viazi, na hakuna aliyethubutu kubakiza kitu kwenye sahani. Si mtu wa maneno mengi, wala hajui kuomba msaada. Alipobisha kwangu akauliza kama gari langu bado linaweza kufika mjini Caernarfon, nilijua jambo ni zito.

Jambo lenyewe lilikuwa mama yake. Ceinwen alikuwa ameipita miaka tisini, moyo umechoka, na daktari alishamwambia Tegwen ajiandae. Kufa hakukumtisha bibi yule. Kilichomla rohoni ni kimoja: alipokuwa na miaka minne, mama yake, Lowri, alipanda treni na sanduku lake na hakurudi tena. Kijiji kikasema amemfuata mwanamume Liverpool. Watoto wenzake wakamtungia wimbo, wakamwimbia hadi alipotoka shule. Baba yake, Robert Jones, mchimba mawe, hakuwahi kufungua kinywa juu ya habari hiyo. Alioa mke mwingine, akafa na lake moyoni. Ceinwen akazeeka akimchukia mwanamke ambaye hakumkumbuka hata sura.

"Nitafutie huyo mwanamke," alimwambia binti yake. "Nijue alifia wapi, na kama alizaa wengine akawapenda. Nikishajua nitakwenda zangu."

"Mama, acha maneno hayo."

"Kwani nimesema leo? Tafuta kwanza."

Tegwen akatafuta. Majira ya baridi ya kwanza yakapita, ya pili yakaingia, anamtafuta Lowri Jones. Na hapa kwetu kumtafuta Jones ni kazi ya kumpa adui yako. Rusha jiwe kanisani siku ya Jumapili, litampiga Jones, likidunda litampata mwingine. Ndiyo maana tuna Jones Maziwa na Jones Kengele, na yupo mmoja aliyeteleza bwawani mara moja tu maishani, akazikwa akiitwa Jones Bata. Karani wa serikali hakuyaandika hayo. Aliandika Jones, basi, na akiwa Mwingereza alimgeuza Lowri akawa Laura bila kumuuliza mtu. Vyeti vya vifo vya Liverpool vilijaa kabatini kwa Tegwen: Laura Jones muuza samaki, Laura Jones mjane wa baharia, Laura Jones mtoto mchanga. Kila kilipofika alimsomea mama yake kitandani, na kila mara bibi aligeukia ukutani.

Mimi nilikuwa dereva tu, tena dereva asiye na subira. Siku moja tulikuwa ndani ya gari nje ya nyumba ya kumbukumbu za serikali kule Caernarfon, mvua inatwanga, Tegwen anaumega mkate wake wa zabibu kavu bila kuutia kinywani. Uvumilivu ukaniishia.

"Tegwen, tangu lini sisi tukamtafuta mtu kwa jina la ukoo? Mgeni akiingia kijijini unamuuliza nini?"

"Ni wa shamba gani."

"Haya. Lowri alikuwa wa shamba gani?"

"Sijui. Hata Mama hajui. Babu hakusema."

"Kwa hiyo unatafuta alikokwenda, na alikotoka hukujui!"

"Usinifokee, Emrys Owen. Mimi si punda wako."

"Punda wangu angekuwa ameshafika."

Hakucheka. Alifunga mkate wake, akafungua mlango, akarudi ndani na mvua yake.

Kumbe cheti cha kuzaliwa cha Ceinwen hakuwahi kukiagiza. Angekitakia nini, na mwenyewe amelala chumba cha pili? Sasa akakiagiza, na ndani yake mlikuwa na jina la mama: Lowri Jones, aliyezaliwa Pugh. Kwa jina la Pugh tukaipata ndoa, mbali huko wilayani Meirionnydd, na kwenye cheti cha ndoa tukampata baba wa bibi harusi: Elis Pugh, mkulima, shamba la Hafod Wen. Tukafungua sensa ya mwaka 1911. Elis aliijaza mwenyewe, kwa Kiwelisi, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kushika jembe. Yeye, mkewe, wana watatu, na Lowri, yuko shuleni. Tegwen aliweka kidole juu ya jina lile na hakukiondoa. Nikatoka nje nikamwacha.

Tulipokwisha kuijua wilaya, cheti cha kifo hakikutusumbua. Lowri hakuiona Liverpool. Alifia Hafod Wen, nyumbani kwao, mwaka uleule aliopanda treni. Ugonjwa ulikuwa kifua kikuu. Na penye nafasi ya mtu aliyetoa taarifa pameandikwa: Robert Jones, mume, alikuwapo alipofariki.

Nilisoma mstari ule nikakasirika, kisha hasira ikanitoka. Ninaikumbuka hofu ya wazee wetu. Nyumba iliyojulikana kuwa na kifua kikuu, binti yake haolewi, hapati hata kazi ya kukamua ng'ombe. Robert alipima aibu mbili, akambebesha marehemu ile ambayo haingemfungia mtoto mlango. Simsifu. Lakini wimbo ule wa watoto naye aliusikia, na alikuwa anajua ukweli, akaubeba peke yake.

Tulivuka mlima mpaka kwenye kanisa dogo lililo chini ya Hafod Wen. Kaburi tuliliona kabla hatujamaliza safu ya kwanza. Watu wake walimwandika kama watu wa zamani walivyowaandika binti zao, kwa jina la baba yake: Lowri Pugh, Hafod Wen, mke wa Robert Jones. Chini yake: mama wa Ceinwen. Tegwen alipiga magoti kwenye majani mabichi, akalia kwa sauti, mwanamke ambaye sikumwona akilia hata alipomzika mumewe.

Kesho yake alimpelekea mama yake picha ya jiwe. Niliitwa niwepo. Alimweleza yote polepole: treni, ugonjwa, hofu ya siku zile ya mabinti kukosa wachumba, kwamba Lowri alirudi kwao ili asimwambukize mtoto.

"Liverpool hakwenda?" Ceinwen aliuliza.

"Hakwenda, Mama."

"Na Baba alikuwapo?"

"Alikuwapo. Alimshika mpaka mwisho, nadhani."

"Akarudi hapa, akawaacha waniimbie! Ili niolewe! Nani alimwambia nataka kuolewa?"

"Uliolewa lakini, Bibi Ceinwen," nikasema.

"Nyamaza wewe, Emrys. Ulimwona niliyeolewa naye?"

Aliisogeza picha karibu na macho, akapitisha ukucha juu ya jina lake mwenyewe pale kwenye jiwe.

"Alikuwa na umri gani?"

"Miaka ishirini na saba."

Machozi yalimteremka na hakuyafuta.

"Ishirini na saba," alisema. "Na mimi nimemtukana maisha yangu yote. Mtoto mdogo kama yule. Nizikeni kwake, Tegwen, asilale tena peke yake."