Tikiti Kabla ya Adhana

Harufu ya tikiti lililopasuliwa juani bado hunikosesha utulivu. Nilikulia Nanyuki, na kiangazi cha mwanzo wa mwaka kikishachoma nyasi, malori yalituletea matikiti kutoka upande wa Wang'uru. Nilipokuwa na miaka tisa, Ramadhani iliangukia msimu huohuo. Jirani yetu Mama Halima, mke wa mfanyabiashara wa mbuzi, alitengeneza kachumbari ya tikiti kila jioni: vipande vyekundu, kitunguu, pilipili, dania na ndimu. Chumvi aliitia adhana ikikaribia tu, maana ikitangulia, tikiti lote hugeuka maji.

Basi mimi na kidomodomo changu nikamwambia bintiye, rafiki yangu Halima, kwamba hata mimi naweza kufunga. Akacheka. "Wewe? Ati ufunge? Kanisani kwenyewe humalizi ibada bila mandazi!" Tukapatana kwamba nikiweza, nitafuturu mkekani na wakubwa, pahali nilipopatamani kuliko nguo ya Krismasi. Kesho yake, kufika saa saba njaa ilikuwa imenishika. Nikaketi, nikasimama, nikauliza saa mpaka Halima akakereka. Saa kumi mama yake akaniachia kisu nimsaidie kukata. Mvumilivu hula mbivu, wanasema, lakini tikiti langu lilikuwa limeiva tayari na liko mkononi, jamani! Nikala kipande, nikala cha pili, na cha tatu sikuhisi hata ladha yake. Kugeuka, Mama Halima yuko mlangoni, ananitazama.

Adhana ilipolia alinishika mkono, akaniketisha kando yake. Tende zilipokwisha kupita, akasogeza bakuli mbele yangu. "Wambui leo ameshinda na njaa kama sisi. Aanze yeye." Halima akanipigia makofi. Nilikula kwa aibu, macho yangu bakulini.

Siku hizi naishi Nyeri, na matikiti yapo sokoni hata kwenye baridi ya Julai. Mama Halima alishafariki. Alinisitiri mpaka mwisho. Ramadhani nayo imezunguka miezi yote hadi kurudi kiangazini, na Halima bado hunialika na kuwasimulia wanawe jinsi nilivyofunga bila kulazimishwa. Mwaka huu mdogo wao, mwenye miaka tisa, anafunga kwa kuniiga mimi. Nimechoka kupigiwa makofi. Leo ni Jumamosi, saa tisa alasiri, na tangu alfajiri sijatia hata maji kinywani. Nikifika kwao nitawaambia wote kwamba siku yangu ya kwanza kufunga ni leo.