Kitabu Kilichotekwa Nalasi

Sababu ya safari ilikuwa ubishi. Dada yangu Devota ameolewa na Myao kule Nalasi, wilaya ya Tunduru. Baba mkubwa wa shemeji, Mzee Saidi, alikuja kututembelea Mjimwema, hapa Songea, akasema mbele ya majirani kwamba sisi Wangoni ushujaa wetu wote ulikuwa kwenye miguu. Ni watani, wanaruhusiwa. Ila majirani walicheka kupita kiasi.

Mimi shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe iliniacha, hatujakubaliana mpaka leo. Lakini kwenye kijiwe chetu cha kinyozi mimi ndiye msomaji. Mwalimu Komba, mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu, anatuazima vitabu vyake vya historia na siasa, mimi nasoma kwa sauti, wenzangu wanabishana. Tangu vyama vingi viingie, kila mtu anataka kujua mambo yalianzia wapi. Basi nikamwomba kitabu cha historia ya huku kusini. Akachomeka njiti ya ufagio kwenye ukurasa wa ushindi wetu.

"Kirudi," akasema. "Kisiporudi, kijiwe kizima hakitashika tena kitabu changu."

Hakuwa anatania. Duka la vitabu la mjini siku hizi linauza kandambili na redio. Kingine tungekipata wapi?

Songea tuliondoka alfajiri, juu ya lori la sabuni. Siku hizi biashara huria, mwenye lori ndiye mfalme. Kitabu nilikivaa tumboni, ndani ya shati, nikawa kama mjamzito wa pembe nne.

Baada ya Namtumbo barabara ilituaga. Lori likazama mchangani, abiria wote chini, sukuma. Mimi, mjukuu wa mashujaa, nilisukuma kwa mdomo.

Tunduru mjini nililala kwa rafiki wa shemeji. Asubuhi nikadandia pikapu ya wanunuzi wa korosho, wale watu binafsi wanaokuja na mizani yao.

Nalasi nilifika alasiri. Mzee Saidi alikuwa barazani na familia, wanachambua korosho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kwa gari, au umekimbia?"

Nilitoa kitabu, nikafungua penye njiti, nikasoma kama katekista siku ya Pasaka: jinsi tulivyoingia nchi hii, jinsi watu walivyotuachia vijiji. Mzee alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akaniambia nisome na nyuma yake.

"Nyuma sijafika, mzee."

"Umeanzia katikati?"

Nikafunua nyuma. Kumbe nyuma imeandikwa kwamba babu zetu walifika huku wakikimbia vita vya kusini kabisa, wakavuka mito na watoto na ng'ombe. Baraza likalipuka. Devota, damu yangu mwenyewe, aliegemea gunia la korosho asianguke.

"Haya, na mbele," Mzee akasema, anafuta machozi.

Mbele palikuwa na misafara. Watu waliokamatwa na Wangoni, wakauzwa kwa Wayao, wakaswagwa kwenda pwani na minyororo shingoni. Nikatafuta pa kurukia.

"Usiruke."

Nikasoma. Kicheko kiliisha, zikabaki korosho tu zinadondoka kwenye debe.

"Bibi yangu, mzaa baba, alitoka huko kwenu," Mzee akasema. "Nyie mlimkamata, sisi tukamnunua. Sikujua kama yameandikwa."

Akakichukua kitabu mikononi mwangu, akakikalia.

Sasa mtani akichukua kitu chako, hukasiriki, unakomboa. Nilimpa shati langu. Akasema linafaa kufukuzia nyani shambani. Nikamweleza habari za Mwalimu na kijiwe, jasho linanitoka. Akafikiri.

"Kitatoka kikiisha kusomwa. Uanze mwanzo. Wajukuu wa bibi wasikie chote."

Ndipo nikawa mateka. Kila alasiri, wakitoka msikitini, nilisoma. Maneno magumu niliyapanda kama mlima na mzigo kichwani, wao wakaningoja juu. Nilipofika ukurasa wa mwisho nilishangaa: kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimemaliza kitu chenye kurasa.

Mzee alinirudishia kitabu pamoja na kifurushi cha korosho. "Wewe sasa ni ndugu nusu, mtani nusu," akaniambia. "Nusu ya mtani bado ilikimbia."

Songea nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu. Alikifungua, akakinusa, kinanuka moshi wa korosho. Nikamsimulia habari za yule bibi. Akakifunga, akanirudishia.

"Kaa nacho kwanza," akasema. "Kijiwe kinakungoja."

Kijiweni hata sijakaa, kinyozi kasimamisha mkasi. "Vipi, tuliwashinda?"

Zamani ningefungua penye njiti. Nikaichomoa, nikaitupa nje.

"Kaeni," nikawaambia. "Ukurasa wa kwanza."