Ulimi wa Fundi Bado

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Gatini wote walimwita Bado, na jina hilo alilitafuta kwa mdomo wake mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kuosha matumbo ya mashine za boti. Mashine ikiwa baharini hunywa maji chumvi ili isichemke, na ikirudi chumvi hubaki ndani, hukauka, huganda, kisha huanza kula chuma taratibu bila kelele. Kwa hiyo Bado aliifungua mashine kwenye boti, akaitundika kwenye ubao, akauzamisha mguu wa mashine ndani ya pipa la maji ya bomba, akaiwasha. Ilinyonya maji matamu kwa chini na kuyatoa kwa kitundu cha nyuma, mchirizi mwembamba ambao mafundi, watu wasio na haya, huuita mkojo. Wenzake walitazama saa, muda ukifika wakazima. Yeye hakuwa na imani na saa.

"Chumvi haivai saa," alisema.

Aliukinga mchirizi kwa kikombe cha bati, akaonja, akatema, akafumba macho kama mtu anayetafuta jina la jirani wa zamani. "Bado," akasema. Pipa lilimwagwa, likajazwa upya, akaonja tena. Akishasema "Tayari," hata nahodha mbishi alinyamaza. Hapa situngi wala sitii chumvi, ingawa habari yenyewe ni ya chumvi: hakuna mashine iliyotoka mikononi mwake ikarudi na tumbo bovu. Hakuwa na cheti wala karakana. Alikuwa na neno lake tu, na kwa neno hilo aliishi.

Shida ni kwamba ulimi ule alirudi nao nyumbani.

Kila alichopikiwa alikionja kwa ncha ya ulimi, akafumba macho, na mkewe akasimama na mwiko mkononi akingoja hukumu. Imezidi kidogo. Imepungua. Jana ilikaribia. Hivyo hivyo tangu watoto wakiwa wadogo hadi walipooa na kuolewa wakaondoka, nyumba ikabaki na watu wawili na mazungumzo ya chumvi. Siku moja alisema "Imezidi" mbele ya dada za mkewe waliokuja kuwatembelea. Mke akaweka mwiko chini.

"Mtu anayeshinda akionja mkojo wa mashine," alisema, "ndiye anayenifundisha mapishi."

Mashemeji walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Bado hakucheka.

Wiki ile ile mafua yakamshika, mafua ya kawaida ya kupiga chafya na kupenga kamasi. Akayapuuza, akagugumia chai ya moto bila kuisikiliza, akaenda kazini. Kumbe mafua yalikuwa yameondoka na kitu. Mtu mwingine angegundua upesi, lakini ulimi wa Bado ulifundishwa kutafuta jambo moja tu, nalo ni kukosa ladha. Maji yasiyo na ladha ndiyo mashine safi. Basi akaonja kikombe cha kwanza cha siku, hakusikia kitu, akafurahi.

Mashine ilikuwa ya nahodha wa boti ya abiria, aliyesimama pale pale akimtazama. Kesho yake alikuwa anasafiri kwenda kumuuguza baba yake, hajui atarudi lini, na mashine hiyo iliyolisha nyumba yake ingekaa stoo muda wote huo.

"Tayari," akasema Bado.

"Tayari? Mbona leo hata bado moja sijaisikia?"

"Mikono imekomaa, nahodha."

Akaenda nyumbani kula chakula cha mchana akipiga mluzi.

Nyumbani mkewe alikuwa na lake. Maneno ya mbele ya dada zake yalikuwa hayajamtoka moyoni, na mchana huo alikuwa ametia chumvi kwa konzi badala ya kijiko, ili mume ajue iliyozidi inakuwaje. Akapakua, akaketi kumtazama. Bado akala. Akaomba nyongeza. Akafuta sahani kwa kidole.

"Leo," akasema, "umepatia kabisa."

Moyo wa mke ukapiga paa. Mume anayesifu ghafla ama ana mwanamke nje, ama anakufa. Akamtazama yule bwana, pua nyekundu, macho yanatoka machozi, akajiuliza ni mwanamke gani angemtaka. Basi anakufa. Haraka akakoroga kijiko kizima cha chumvi kwenye glasi ya maji, akampa. Bado akanywa yote, akashukuru.

"Baba watoto," mke akasema polepole, "ulimi wako umekufa."

Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika meza. Bado alichovya kidole kwenye kopo la chumvi, akalamba, akalamba tena, halafu uso ukamshuka.

"Mashine ya nahodha," akasema. "Nimeionja kwa ulimi huu."

Mke akaacha kucheka. "Kamwambie."

"Nimwambie nini? Ulimi umeniaga? Kesho gati zima litajua, na keshokutwa nitakuwa nakunja kamba za watu."

"Mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa, na niliowazaa wana nyumba zao."

Lakini alisema hivyo ameinamisha kichwa. Aliogopa. Mkewe hakuwahi kumwona ameogopa, na hasira yake yote ikamwishia pale pale.

"Humu ndani kuna ulimi mmoja mzima," akasema. "Ule ambao huuamini." Akavaa viatu vya mpira alivyoacha mtoto wao wa kwanza, wakatoka.

Walimkuta nahodha akiifunga mashine kwa turubai. Bado akafungua mdomo amweleze. Mkewe akamtangulia.

"Shemeji, irudishe kwenye pipa. Miaka yote huyu ananionjea kazi yangu. Leo zamu yangu kuonja yake."

Nahodha akacheka, akafungua turubai. Mashine ikanguruma, mchirizi ukatoka. Mke akakinga kikombe, akaonja, akatema kwa uso wa mtu aliyepewa dawa ya minyoo.

"Bado."

Bado akazima mashine. Chumvi ilikuwemo kweli. Akamwaga pipa, akajaza.

"Bado," mke akasema tena, macho ameyafumba vile vile kama yeye.

Akamwaga, akajaza. Bado. Akamwaga, akajaza. Bado. Mgongo ukaanza kulalamika. Akamsogelea mkewe sikioni.

"Mama watoto, hiyo ni chumvi ya mashine au ya mbele ya dada zako?"

"Mkuki kwa nguruwe," mke akajibu bila kufumbua macho. "Jaza pipa."

Akajaza. Akasimama na ndoo mkononi akimkodolea mdomo, akingoja hukumu, na hapo ndipo alipoelewa ule mwiko. Aliona aibu, tena nyingi. Mke aliposema "Tayari" hatimaye, Bado alimgeukia nahodha akamweleza yote, mafua na ulimi, huku akiangalia chini.

"Fundi Bado bila bado?" nahodha akasema. "Nilikuwa nimeshaanza kuwa na wasiwasi. Ila bado ya shemeji ni nzito kuliko yako." Akampa mkono mke kwanza.

Tangu siku hiyo walikwenda kazini wawili. Mke alionja, mume alimwaga na kujaza. Njiani waliongea, na hawakuongea chumvi. Bado alikuwa amesahau kwamba mkewe anajua kuiga watu. Alimwiga nahodha, akawaiga dada zake, akamwiga Bado mwenyewe akifumba macho, na Bado akacheka mpaka akaegemea ukuta wa watu. Alikuwa na furaha, na hakuwa amejua kuwa aliikosa.

Ndipo asubuhi moja sukari ikamgonga ulimini. Alisimama na kikombe cha chai mkononi, ladha yote imerudi. Akafungua mdomo amwite mkewe, akaufunga. Akimwambia, atakwenda gatini peke yake.

"Chai haina kitu," akanung'unika.

Uongo huo aliutunza kwa siku kadhaa. Lakini mke aliyeusoma uso ule miaka yote akiwa na mwiko mkononi hadanganywi kirahisi, na kope za mumewe alishaziona zikimcheza. Mchana mmoja akapakua, akaketi mbele yake.

Tonge la kwanza likamchoma Bado mdomo mzima. Ilikuwa konzi ile ile, pengine na ya pili juu yake. Akatafuna. Machozi yakamlengalenga. Akameza.

"Vipi?" mke akauliza.

"Sisikii kitu, mke wangu."

Mke alimwacha ale mpaka sahani ikabaki nyeupe. Kisha akachukua jagi, akamjazia glasi ya maji. Bado akanywa kwa pupa. Akamjazia tena. Akanywa. Akamjazia tena.

"Inatosha," Bado akaomba, tumbo limemjaa.

"Bado," mke akasema, akimimina.

Akanywa na hiyo. Alipoweka glasi chini, mkewe alikuwa mlangoni, ameshavaa viatu vya mpira, anamngoja waende kazini.