Mafuta Niliyompelekea Mdogo Wangu

Shangazi yangu alikufa bila kunisamehe, na mimi sikumwomba msamaha kwa niliyoyasema siku ya kuanua tanga. Ninalolijutia ni jingine.

Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya kupaka grisi mashine za mkonge Kilosa. Mdogo wangu, aliyehamishiwa kijiji kipya upande wa Zombo, akaletwa hospitali mguu umevimba kama gogo. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa. Nikafikiri kifundi: kilichokwama hulegezwa kwa mafuta. Nikanunua mafuta ya mkia wa kondoo kwa wafugaji, nikayayeyusha kwenye supu, nikawa nampelekea kila siku katika chupa ya chai.

"Kaka, leo tena chai ina mkia?" alinitania, akanywa yote.

Siku ya tano mganga wa hospitali akanikamata. Alinionyesha kichupa cha damu ya mdogo wangu iliyoachwa itulie. Juu ya wekundu yalikaa maji meupe kama tui.

"Mwili una dawa yake ya kuyeyusha damu iliyoganda," alisema. "Damu ikijaa mafuta, dawa hiyo inazidiwa, bonge linabaki. Acha kumlisha haya."

"Daktari, mimi ni fundi. Grisi hulegeza kila kitu."

"Mshipa si beringi, ndugu yangu."

Niliitikia. Kesho yake nikaificha chupa ndani ya koti, nikampelekea tena. Siku mbili baadaye kipande cha lile bonge kilipanda mapafuni, mdogo wangu akafa ameketi kitandani, kitana mkononi. Mganga hakusema supu ndiyo iliyomuua. Alisema tu kwamba mwili ulikuwa unapigana, na mimi nilikuwa namsaidia adui. Hilo nalibeba.

Siku ya kuanua tanga, shangazi alimnyooshea kidole jirani wa marehemu, mjane aliyeletwa kutoka milimani na kupewa kiwanja kando yake.

"Mchawi ndiye yule! Tangu aje, tumepata heri gani?"

Vijana waliinuka kwenda kubomoa nyumba yake. Mjane alikuwa mlangoni kwake, mzigo tayari kichwani.

Nikasimama, nikaiweka chupa ya chai katikati ya mkeka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa chini."

"Sikai. Mganga alinikataza kumpa mafuta, nikampa kwa siri. Kama mnabomoa, anzeni kwangu."

"Msomi mzima! Unataka tuchekwe?"

"Tuchekwe. Lakini mama huyu hatoki."

Alinitukana hadi sauti ikamkauka. Nilisimama vilevile, katikati ya njia ya kwenda kwa mjane, na vijana wakarudi kuketi mmoja mmoja. Tangu siku hiyo sikualikwa tena kwenye shughuli ya ukoo, na kila aliyeniuliza sababu nilimweleza habari yote, chupa na mkia.

Mjane alitua mzigo, akaufungua, akatoa sufuria, akawasha moto.