Mafuta ya Gari la Anitha

Haya, mmeniganda mpaka nimekubali. Kila nikikaa ninywe chai yangu, "Bibi, andika habari ya Ghati na gari." Mkono wangu mzito, kalamu sikuizoea, na Ghati mwenyewe yupo hai. Kwa nini asiandike yeye? Lakini najua angejipendelea. Someni basi.

Ghati ni Mkuria wa Tarime, anakaa Manassas, Virginia, kazi yake kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu. Nyumbani kwake pana sheria moja: Kiingereza kinavuliwa mlangoni pamoja na viatu. Binti yake Anitha alikielewa Kiswahili chote, ila mdomo wake ulijibu Kiingereza. Ghati hakukata tamaa. Hata friji aliiita kabati la baridi.

Mwaka 2005 Anitha alipata nafasi ya kusomea uuguzi chuoni Annandale. Mabasi ya kule kwao ni ya kubahatisha, na darasa lilianza asubuhi na mapema. Bila gari, hakuna chuo. Ndipo Ghati akamwita Khalfan, mtu wa Tanga aendeshaye teksi mjini Washington, wakaenda kutafuta gari kuukuu lenye nguvu bado.

La kwanza lilikuwa jekundu, linang'aa kama kucha za bi harusi. Anitha akalipenda papo hapo. Ghati akaweka kiganja juu ya boneti. Ya moto.

"Hili limeamshwa kabla hatujafika," akasema. "Mgonjwa akimezeshwa dawa ya homa kabla daktari hajaingia, ujue pana jambo. Twendeni."

Khalfan akacheka. "Mama Anitha, umeninyang'anya kazi."

La pili lilikuwa Corolla la kijivu, rangi imebabuka paani, injini baridi. Khalfan akaliwasha, akalisikiliza, akachungulia uvunguni, akazunguka nalo mtaa mzima. Mwisho akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta kwa kitambaa.

"Hili ni zima. Ila injini inakunywa oili kidogo, utu uzima huo. Binti apime oili kila Jumamosi, ikipungua aongeze. Litamfikisha mpaka amalize."

Anitha alikuwa ndani ya gari, anachezea redio. Maneno yale yalimfikia kwa kinywa cha mama yake, na kinywa hicho hakikubali neno kama oili.

"Kila Jumamosi uangalie mafuta," Ghati akamwambia. "Yakipungua, ongeza."

"Okay, Mom."

Basi kila Jumamosi Ghati akikunja nguo aliuliza, "Umeangalia mafuta?" na Anitha akajibu yapo. Hakudanganya. Alikuwa akitazama mshale wa petroli, na petroli alijaza bila kukosa. Nani wa kumlaumu? Si sote husema tunakwenda kutia mafuta?

Asubuhi moja ya Novemba simu ikalia. Anitha yuko kando ya barabara, chuo bado mbali, taa nyekundu imewaka mbele ya usukani, injini inagonga kama mtu anayedai afunguliwe mlango.

"Mafuta yapo?" Ghati akauliza.

"Full, Mom! I filled it yesterday!"

"Umejaza wapi?"

"Gas station!"

"Zima! Zima gari hilo sasa hivi, usiliguse tena!"

Khalfan akampitia Ghati na teksi. Walipofika, akavuta kijiti. Kikavu.

"Ramadhani tumemaliza," akasema, "hili bado limefunga."

Ghati akamgeukia mwanawe. "Nilikwambia mafuta!"

"And I checked mafuta!"

"Mimi nilisema oili, mama Anitha," akasema Khalfan. "Tangu lini Mkuria akakilinda Kiswahili kuliko sisi wa Tanga? Ya taa, ya kula, ya kupaka, ya petroli, yote umeyamwaga chungu kimoja. Mtoto achote yapi?"

"Tia hiyo dawa yako, uache maneno."

Akatia chupa moja, akatia ya pili, wakangoja. Anitha akawasha. Injini ikagonga, ikakohoa, ikagonga tena, halafu pole pole ikatulia. Kulibaki kijisauti, na Khalfan alisema hicho watazeeka nacho. Lakini lilitembea. Anitha alichelewa darasa, chuo hakukikosa.

Ghati hakuomba radhi, njia yake haijui. Ila Jumamosi ile alishuka chini, koti juu ya khanga, akasimama kando ya gari, akasema kama mtu anayeng'olewa jino:

"Anitha. Njoo tupime oili."

Anitha akafuta kijiti, akakichovya, akakiinua juani.

"Ipo, Mama," akasema. "Oili ipo."

Na wewe uliyekula bure jasho la mkono wangu, usikae hapo unacheka. Inuka, nenda kwenye gari la mwanao likiwa bado baridi, uvute kijiti. Kisha muulize kinapima nini. Asipojua, mfundishe kwa jina lake hasa, halafu uje unieleze alivyojibu. Nangoja.