Wiki Ambayo Tarishi Wetu Hakuwepo

Mimi ni mwalimu. Kwa miaka ishirini na kitu nimesimama mbele ya wazazi kwenye vikao vya shule, pale Bakoba, nikiwahubiria: ongeeni na watoto wenu! Wananipigia makofi. Kisha narudi nyumbani Kanazi, binti yangu anapiga magoti, ananisalimu, anaweka chakula mezani, anaondoka. Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Msinicheke, ndivyo nilivyolelewa. Kwetu mtoto hamwendei baba moja kwa moja, humtuma mama. "Mtoto anasema viatu vinambana." Nami namjibu mama, mama anapeleka. Tangu binti huyu aanze kusema, mke wangu ndiye tarishi wetu, na sikuwahi kujiuliza tarishi anabeba nini hasa.

Mwaka huu matokeo yake ya kidato cha nne yalitoka, amefaulu vizuri. Kwenye fomu ya kidato cha tano alikuwa amejaza masomo ya sanaa ili aje kuwa mwalimu. Ajabu ni kwamba tangu matokeo yatoke, msichana alinyamaza, chakula anakidonoa tu. Nafasi ya kubadilisha masomo ilikuwa inafungwa Ijumaa, ikipita, imepita. Na mke wangu yuko Muleba, anamuuguza mama yake. Nikampigia.

"Mtoto wako ana nini?"

"Muulize mwenyewe. Si mko nyumba moja?" Akakata simu. Haya!

Jumatano alasiri nikaingia jikoni. Kwa asiyejua, mwanaume wa Kihaya wa rika langu haingii jikoni, sembuse kumenya ndizi. Marehemu mama angeniona, angedhani nimerukwa na akili. Binti akasimama kunipisha.

"Taata, unatafuta nini?" Ndivyo anavyoniita, yaani baba.

"Nataka kumenya."

Ndizi ya kwanza niliikata nusu, nyama na ganda pamoja. Alijizuia, akashindwa, akacheka. Sikumbuki lini nilikuwa nimekisikia kicheko chake kwa karibu hivyo. Utomvu ukaniganda vidoleni, akanifundisha kupaka mafuta kwanza. Basi, macho yetu yote yakiwa kwenye ndizi, nikamuuliza mbona hana raha, na ualimu ameutaka mwenyewe.

Kisu chake kikasimama. "Mimi? Si mama alisema wewe ndiye unayeutaka?"

"Mama yako aliniambia wewe ndiye umesema!"

Loo! Tukatazamana. Yule mwanamke alikuwa ametutungia maneno wote wawili, ili kila mmoja amfurahishe mwenzake. Kumbe miaka yote hiyo nilidhani namsikia mwanangu, kumbe namsikia mke wangu.

"Sasa wewe unataka nini?"

"Kilimo. Tangu ugonjwa wa mnyauko umalize migomba ya bibi, nataka kujua kwa nini."

"Kilimo! Jembe si lipo nyuma ya mlango?"

Ulimi wangu huu! Uso wake ulijifunga pale pale, nikaogopa kweli kweli. Nikamwambia upesi, "Nisamehe. Hebu nieleze." Akasita, kisha akaeleza: kwa nini mgomba mmoja hufa na wa pembeni yake ukabaki, ugonjwa unasafiri vipi kwenye panga la mkulima. Nami nikawa namuuliza swali juu ya swali, maana huyu msichana nilikuwa simjui kabisa. Tukakubaliana kesho asubuhi tubadilishe masomo.

Nilidhani tumemaliza. Akauliza, bila kuinua macho, "Taata, na ile ya darasa la saba?"

"Ipi?"

"Nilipofeli hisabati. Mama alikuja chumbani akaniambia, baba anasema anajivunia wewe hivyo hivyo ulivyo. Nayo aliitunga?"

Siku ile niliikumbuka. Nilikasirika, nikaenda kukaa kwenye mibuni mpaka hasira ipoe, na niliporudi sikusema lolote. Sasa ningeweza kumdanganya, na nilitamani. Lakini tungekuwa tumerudi kule kule.

"Aliitunga," nikasema. "Mimi sikusema kitu."

Akainamisha kichwa.

"Lakini leo sijamtuma mtu," nikasema. "Ninajivunia wewe, mwanangu. Nasema mimi."

Machozi yakamdondoka kwenye maganda, kisu bado mkononi.

"Sema tena, Taata."

Nikasema tena.